Nimechoka, Sijachakaa

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na haya ndiyo yaliyonipata. Kisa ninachokusimulia kinahusu neno moja tu la Kiingereza, nalo ni "knackered". Nililiokota njiani, nikalivaa bila kulipima, mwisho likaniaibisha mbele ya walimu. Hata hivyo, leo nalishukuru neno hilo, na ukinivumilia hadi mwisho utajua kwa nini.

Kila aliyelala katika bweni letu anajua kwamba tuna mashindano yasiyo na mwamuzi: nani ana Kiingereza kigumu kuliko wenzake. Mtu akisema amefurahi kwa neno la kawaida, anachekwa. Sasa Jumamosi moja usiku, tukiwa bwaloni tunatazama kandanda ya Uingereza, mambo yalikuwa moto. Ilikuwa dakika ya 80 hivi. Mabeki wa timu moja walikuwa wameinama, mikono magotini, wanahema kama mbwa waliofukuza sungura. Mtangazaji akasema wachezaji hao wako "knackered".

Nikamgusa jirani yangu. "Amesema wako nini?"

"Si wamechoka! Kwani wewe huoni?"

Basi, hilo ndilo lililokuwa darasa langu lote juu ya neno hilo. Nilichomoa kijidaftari changu cha msamiati nikaandika: knackered, kuchoka sana. Tangu siku hiyo sikuchoka tena kwa njia ya kawaida. Baada ya kufagia uwanja, mimi "knackered". Baada ya vipindi viwili vya Hisabati, mimi "knackered". Wenzangu wakaanza kuniiga, nami nikajiona gwiji.

Muhula wa tatu, tukiwa kidato cha pili, mwalimu wa Kiingereza alitupa insha kuhusu mtu tunayemheshimu. Sikufikiri mara mbili. Nilimwandika baba yangu.

Sisi kwetu ni Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, kule kwenye mashamba ya mpunga. Baba ana mkokoteni wa punda. Kazi yake ni kubeba magunia ya mpunga kutoka mashambani hadi kwenye mashine za kukoboa, na msimu wa mavuno ukiisha hubeba maji, mchanga, kuni, chochote mtu atakacholipia. Huamka saa kumi na nusu alfajiri. Wakati wa mavuno, jua linapozama, utamwona akija na matope yaliyokauka hadi magotini, yeye na punda wake wakitembea mwendo mmoja kama ndugu. Karo yangu hutoka katika magunia hayo.

Yote hayo niliyaandika vizuri, na kila baba alipofika nyumbani jioni nilimfikisha akiwa "knackered". Nilitumia neno hilo mara tatu. Nikamalizia kwa sentensi niliyoipenda kuliko zote, kwamba baba yangu ni mtu "knackered" nami najivunia kuwa mwanawe.

Insha zilipordi mikononi mwetu, yangu ilikuwa na alama 9 kwa 20. Neno langu lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu mahali pote, na chini kumeandikwa: Njoo ofisini.

Nilienda huku moyo ukinidunda kama ngoma. Mwalimu alikuwa ameketi na wenzake wawili wakinywa chai ya saa nne. Alichukua insha yangu, akasoma ile sentensi ya mwisho kwa sauti. Mmoja wa walimu wale alicheka hadi chai ikamwagika kwenye sahani. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Kijana," mwalimu akaniuliza, "baba yako ana kosa gani?"

"Hana kosa, Mwalimu. Mimi nilikuwa namsifu."

"Unamsifu! Haya, neno hili maana yake ni nini?"

"Kuchoka sana, Mwalimu."

"Hapo hujakosea. Mwingereza akitoka kazini jioni anaweza kulitumia, na hakuna atakayemshangaa. Lakini ni neno la mtaani. Huliandiki katika insha, wala katika barua kwa mwalimu mkuu. Mmarekani naye hulitumia kwa nadra sana. Isitoshe, lina ndugu yake mmoja mwenye maana ya aibu, nami sitakutajia hapa mbele ya chai ya watu." Wale wengine wakacheka tena. "Nenda maktaba. Usitazame tu maana yake, tazama limetoka wapi. Kisha urudi uniambie kama bado unataka kumwita baba yako hivyo."

Maktaba yetu ina kamusi moja kubwa ya Kiingereza ambayo jalada lake limebanduka. Niliifungua nikiwa na hasira, nikaifunga nikiwa na huzuni.

Ndugu msomaji, nisikilize vizuri. Katika Kiingereza, "knacker" ni mtu. Katika karne ya 16 jina hilo lilimhusu fundi wa hatamu na vifaa vya farasi, na wapo wataalamu wanaolihusisha na neno la kale la nchi za Skandinavia lenye maana ya tandiko. Baadaye likawa jina la mtu mwenye kazi nyingine kabisa: kununua farasi waliozeeka au kuumia wasioweza kazi tena, na kuwachinja.

Kumbuka kuwa kabla ya injini, farasi ndiye aliyekuwa lori, trekta na matatu ya Waingereza. Katika karne ya 19 hata mabasi ya mjini London yalivutwa na farasi. Farasi alivuta mwaka baada ya mwaka, na miguu ilipokwisha alipelekwa kwa bwana huyo. Hakuna kilichotupwa. Nyama ililishwa mbwa na paka, ngozi ikaenda kwa watengenezaji wa vitu vya ngozi, mifupa ikawa mbolea na gundi, singa zikashindiliwa ndani ya viti. Kwa hiyo ukisema wewe ni "knackered", chini ya maneno yako kuna yule farasi: umetumika hadi ukaisha, kilichobaki ni kichinjio.

Hapo nikakumbuka kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma, kile cha George Orwell kiitwacho Animal Farm, kilichotoka mwaka wa 1945 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere kwa jina Shamba la Wanyama. Bila shaka unamkumbuka farasi Boxer. Ndiye aliyebeba shamba zima mabegani. Kila tatizo lilipotokea, yeye aliongeza kazi. Alipoanguka, nguruwe walisema anapelekwa hospitali. Kumbe gari lililokuja kumchukua lilikuwa la "knacker", na wanyama wengine walikuwa wakimpungia buriani bila kujua. Aliyesoma maandishi ubavuni mwa gari na kuwafumbua macho alikuwa Benjamin. Na Benjamin ni mnyama gani? Punda!

Niliposoma kitabu hicho kidato cha kwanza, nilimlilia Boxer kimoyomoyo. Mwaka mmoja baadaye nikachukua neno lililomuua nikalibandika kwa baba yangu, ati nampa sifa.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia maktaba, sikutoka haraka. Niliwatafuta majirani wa neno hilo. Nikakuta "jaded", ambalo leo ni la mtu aliyekinai mambo hata hayana ladha tena kwake. Nalo pia lilitoka kwa farasi, kwani "jade" lilikuwa jina la farasi mkongwe asiye na nguvu. Nikakuta "exhausted", ambalo asili yake ni Kilatini na maana yake ya kwanza ni kuteka maji hadi yakaisha. Hilo nililipenda. Mtu ni kisima, kazi imeteka, imeteka, sasa ndoo inakwaruza chini. Lakini kisima kikiachwa usiku kucha maji hurudi. Farasi aliyepelekwa kichinjioni harudi.

Nikagundua jambo jingine. Waingereza hutumia "knackered" kwa mtu na kwa kitu. Baba yuko hivyo, gari liko hivyo, na goti la mchezaji liko hivyo pia, maana yake limeharibika. Tena likitangulia mbele ya nomino, mara nyingi kinachofuata ni kitu kikuukuu: gari bovu, kiti kibovu, baiskeli mbovu. Na mimi nilikuwa nimeandika hivyo hivyo, neno mbele, mtu nyuma. Ndiyo maana chai ilimwagika.

Nikajiuliza, je, Kiswahili chetu kingesemaje? Hapa ndipo nilipofumbuka macho. Kiswahili hakichanganyi mambo haya. Mtu huchoka, kitu huchakaa. Shati limechakaa, mkeka umechakaa, gari limechakaa. Ukisema "baba amechakaa", watu watageuka kukutazama kwa sababu umemtoa katika ngeli ya watu ukamtia katika rundo la matambara.

Tazama tena. Kiingereza hutumia kivumishi, kana kwamba uchovu ni rangi ya mtu. Sisi hutumia kitenzi: nimechoka. Yaani nilikuwa sijachoka, hali hii imenijia, na inaweza kuniondoka. Kisha kitenzi hicho kinazaa. Kazi inachosha. Mimi nimechoshwa, na mara moja msikilizaji anataka kujua nimechoshwa na nani. Ukitia herufi mbili tu ukasema "nimekuchoka", hujaongea habari za mwili tena, umevunja urafiki! Na kwa yule asiyejiweza kabisa tuna "hoi" na "taabani", na hilo la pili tumelipata kwa Waarabu.

Wenzangu wa Kirinyaga na Kiambu wataniruhusu niongeze mzaha kidogo. Katika Kikikuyu, kuchoka ni "kunoga". Katika Kiswahili, kunoga ni kuwa tamu. Nyanya yangu alipofika Mombasa mara ya kwanza akaambiwa na mwenyeji kwamba mchuzi umenoga, alijibu kwa huruma, "Basi uache upumzike."

Nilirudi ofisini kwa mwalimu. "Bado unataka kumwita baba yako hivyo?" akaniuliza. Nikatikisa kichwa. Akanipa karatasi niandike upya. Niliandika kwamba baba hurudi akiwa amechoka, kwa lile neno la Kiingereza jepesi ambalo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Nikapata alama 14.

Kisa kingeishia hapo, lakini kuna jambo lililokuwa likiniuma, nami nitaungama ijapo ni aibu. Katika likizo ya Agosti, jioni moja baba aliketi kwenye kigoda nje ya jikoni, akavua viatu, akasema polepole, "Kijana yangu, nimechoka." Baba si mtu wa kusema hivyo. Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo kabla ya siku ile. Na mimi nilimjibu nini? Nilimwambia kuwa tuna safari ya masomo, kwamba pesa zinahitajika kabla shule hazijafunguliwa, na kwamba wenzangu wote wameshalipa. Baba alinyamaza. Kesho yake aliamka saa kumi badala ya saa kumi na nusu.

Sasa unaona, ndugu msomaji. Neno nililoliandika kwa kutojua, nilikuwa nimeshalitenda. Nilikuwa namwona baba kama yule farasi: mradi mzigo ufike.

Shule zilipofungwa mwisho wa mwaka, nilienda nyumbani na insha zote mbili mkobani. Ulikuwa msimu wa mavuno, barabara zote za Mwea zimejaa mikokoteni. Baada ya chakula cha jioni baba aliniuliza, kama anavyouliza kila mara, "Haya, umesoma nini huko?" Nikaamua kumweleza yote, neno, farasi, kichinjio na vicheko vya walimu. Mama alikuwa akiosha vyombo, akaacha kuosha ili asikie.

Nilidhani baba atakasirika. Alicheka kidogo, kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

"Unamkumbuka Shujaa?" akaniuliza.

Ningemsahauje? Shujaa alikuwa punda wetu wa kwanza. Nikiwa mdogo nilipandishwa juu ya magunia naye akinivuta. Kuanzia mwaka wa 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa hapa nchini, na ngozi zikawa zinasafirishwa hadi Uchina, ambako huchemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Punda wengi waliibwa usiku siku hizo, na wengi waliuzwa mchana na wenyewe, hadi serikali ilipotangaza kupiga marufuku biashara hiyo Februari 2020.

"Mwaka wa 2019," baba akaendelea, "alikuja mtu hapa na lori. Shujaa alikuwa mzee, mguu wa nyuma unamsumbua, havuti kitu. Yule mtu akasema, huyu ameisha, nipe nikupe pesa. Pesa nzuri, na wewe karo ya shule ya msingi ilikuwa inadaiwa. Mama yako yuko hapa, muulize."

"Nilimwambia auze," mama akasema bila kuficha. "Tulikuwa na shida."

"Nilimwambia yule mtu, punda huyu hajaisha, amechoka. Mnyama akichoka anapewa nyasi na kivuli." Baba akanyoosha mguu wake. Nikaona, kwa mara ya kwanza, kuwa kifundo chake kilikuwa kimevimba. "Sasa wewe ukiniandika tena, andika vizuri. Andika kwamba mimi nimechoka, sijachakaa. Kilichochakaa kinatupwa. Aliyechoka anapumzishwa."

Shujaa alikufa usingizini mwaka uliofuata, chini ya mwembe, karibu na nyumba. Tulimzika hapo hapo, na majirani walituona wendawazimu.

Usiku ule sikulala vizuri. Saa kumi kasoro niliamka kimyakimya, nikamfunga punda, nikamwambia mama kwa kunong'ona kwamba leo naenda mimi. Niseme ukweli, kazi ile ni moto! Gunia la kwanza liliniangusha. Mpakiaji mmoja akanicheka, "Wewe wa shule, wacha mchezo, shika kona!" Kufikia saa sita mikono ilikuwa imechubuka na mabega yanawaka. Tulipeleka mizigo minne kwenye mashine. Baba hupeleka sita.

Niliporudi jioni mama aliniambia kwamba baba alilala hadi saa nne asubuhi. Alipoamka alitafuta viatu vyake, mama akamwambia vimefichwa. Akaketi chini ya mwembe na chai. Nilimkuta bado yuko pale, mguu ameuweka juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Akanitazama matope magotini, akatabasamu. "Haya, mtaalamu. Leo wewe u vipi, kwa Kiingereza?"

"Baba," nikamjibu, "leo nimechoka kwa Kiswahili."

Likizo nzima tulipokezana, siku yake na siku yangu. Uvimbe wa mguu ulipungua. Safari ya masomo ya mwaka huu sikujiandikisha, na wala sijutii.

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, sisemi tuache kujifunza maneno mapya ya Kiingereza. La hasha! "Knackered" bado limo katika kijidaftari changu, ila sasa limeandikwa ukurasa mzima, pamoja na farasi wake. Ninachowaomba ni hiki. Kabla hujamvisha mzazi wako neno, lifungue kwanza uone lilivaliwa na nani. Na siku mzazi wako atakapokuambia kwa Kiswahili chepesi kwamba amechoka, usimjibu kwa orodha ya mahitaji. Msogezee kigoda, mvue viatu, na kesho yake uamke kabla yake.

Wasalaam.